Udhaifu wa Upandishaji Haki katika Mfumo Endeshi wa RouterOS na Ugumu wa Kuurekebisha: Mtazamo kutoka Tunduma, Mkoa wa Songwe

Katika mfumo endeshi wowote watumiaji hawalingani. Yupo anayeruhusiwa kusoma tu, yupo anayeruhusiwa kubadili mipangilio, na juu yao yupo mtumiaji mkuu ambaye amri yake haizuiliwi. Udhaifu wa upandishaji haki ni ufa unaomwezesha mtumiaji wa ngazi ya chini kujitwalia madaraka ya juu bila kupewa. Ufa huo ukiwa ndani ya ruta, madhara yake hayaishii kwenye kompyuta moja, kwa kuwa mawasiliano yote ya ofisi na ulimwengu wa nje hupitia humo.

Mjini Tunduma jambo hili si la nadharia. Mji huo, ulio katika mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unapakana na Nakonde ya Zambia, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam pamoja na reli ya TAZARA hupita hapo. Kituo cha pamoja cha huduma mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019, na taarifa za forodha huwasilishwa kwa mtandao. Mtandao wa wakala wa forodha ukikatika, lori husubiri. Ukipekuliwa, ankara na nywila za wateja wake huwa mikononi mwa asiyejulikana.

Ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia, hutumiwa sana na watoa huduma wadogo wa intaneti Afrika Mashariki kwa sababu ya bei yake nafuu. Mfumo endeshi wake, RouterOS, umejengwa juu ya kiini cha Linux, lakini msimamizi hafikishwi kwenye Linux yenyewe. Mwenye akaunti ya msimamizi hutawala mipangilio ya mtandao tu. Tabaka la chini limefungwa kwa makusudi. Udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2023-30799 ulivunja mpaka huo: msimamizi wa kawaida aliweza kujipandisha na kuendesha msimbo wowote autakao, mahali ambapo wasimamizi wenzake hawawezi kumwona.

Historia ya marekebisho yake inastahili kuangaliwa kwa makini. Watafiti wa Margin Research waliuonyesha hadharani Juni 2022 katika mkutano wa REcon. Kiraka kilitolewa Oktoba 2022 katika toleo 6.49.7, ila kwa tawi thabiti pekee. Tawi la muda mrefu, ambalo huchaguliwa na waangalifu wasiotaka mabadiliko ya mara kwa mara, lilibaki wazi hadi toleo 6.49.8 la Julai 2023, baada ya kampuni ya VulnCheck kuonyesha kuwa shambulio hilo linawezekana katika aina nyingi zaidi za ruta. Kwa takriban miezi tisa, basi, aliyechagua tawi la tahadhari ndiye aliyekuwa hatarini zaidi.

Huenda ikadaiwa kuwa udhaifu unaohitaji mtu aingie kwanza kama msimamizi si mkubwa. Dai hilo ni dhaifu. Kwa miaka mingi ruta hizo zilitoka kiwandani zikiwa na jina la mtumiaji «admin» lisilo na nywila, na ni kuanzia toleo 6.49 la Oktoba 2021 ndipo mfumo ulipoanza kumtaka mtumiaji aweke nywila mpya. Aidha, udhaifu mwingine wa mwaka 2018 uliwawezesha wadukuzi kuiba nywila za ruta nyingi. Wengi waliweka kiraka bila kubadili nywila. Ruta hizo hizo zilionekana tena mwaka 2021 katika mashambulizi ya mtandao wa Meris.

Tuchukue mfano wa ofisi ya wakala yenye ruta moja iliyofungwa na fundi ambaye amekwisha kuhama. Kupakua toleo jipya na kuwasha ruta upya ni kazi ya dakika chache. Kigumu ni kumpata mwenye mamlaka. Ruta inaweza kuwa mali ya mtoa huduma, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Fundi mpya afanye kazi kwa ruhusa ya maandishi. Kisha afunge milango ya usimamizi, yaani ukurasa wa wavuti na Winbox, isifikiwe kutoka intaneti, na aruhusu anwani za ndani tu.

Pale penye shaka kuwa mdukuzi amekwisha kuingia, kuboresha toleo hakutoshi, kwa sababu kiraka huziba ufa lakini hakimtoi aliyepita. Ruta isafishwe kwa Netinstall, na mipangilio ya zamani isirejeshwe kwa nakala ya jumla. Itolewe kama maandishi na kusomwa mstari kwa mstari, hasa kazi zilizopangiwa saa, skripti, na huduma ya wakala ya SOCKS ambayo hakuna mtu ofisini anayekumbuka kuiwasha. Nakala hiyo ya maandishi haibebi watumiaji, hivyo fundi hulazimika kuunda akaunti na nywila upya.