Tusiyabebeshe matrekta makongwe mzigo usio wao

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeukumbuka usemi huo mara nyingi katika safari zangu za Kwale, kuanzia Ukunda na Diani hadi Msambweni na Ramisi, kila nionapo trekta kongwe lililofungwa kijiko cha kupakilia mbele yake. Mengi ya matrekta hayo ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1964, au Ford 5000 wa rika lake. Umri wao umewapita madereva wanaoyaendesha. Yamelima, yamevuta matela ya miwa na nazi, na hata leo yanaitika yakipigwa stati. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni juu ya namna kijiko kinavyofungwa.

Sababu za kukitaka kijiko hazihitaji maelezo marefu. Ujenzi wa pwani ya kusini unahitaji mchanga na kokoto kila siku. Mkulima ana samadi ya kutandaza na kifusi cha kuondoa. Mashine iliyoundwa tangu mwanzo kwa kazi ya kuchota ni ghali kununua na ghali kukodi. Kwa hivyo mwenye trekta humwendea fundi wa kuchomelea, akatengenezewa mikono miwili ya chuma, silinda za mafuta na kijiko, na siku chache baadaye trekta la kulimia limegeuka la kupakilia. Jirani humpongeza. Mimi huuliza swali moja tu: mikono ile imeshikishwa wapi?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Maoni yangu ni kwamba trekta la zamani lisifungwe kijiko ila kwa fremu inayotoka kwenye tegemeo la ekseli ya mbele, ikapita pande zote mbili, hadi kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma. Tena lisichote chochote bila uzani wa kusawazisha upande wa nyuma. Pasipo mambo hayo mawili, mwenye trekta anauza uti wa mgongo wa mali yake kwa bei ya mchanga.

Nasema uti wa mgongo kwa makusudi. Wanafunzi wengi hudhani kuwa trekta lina chesisi kama lori. Lori lina mihimili miwili mirefu ya chuma ambayo juu yake huwekwa injini, giaboksi na bodi. Trekta la kale halina mihimili hiyo. Injini imefungwa kwa bolti kwenye nyumba ya klachi na giaboksi, na giaboksi kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma. Viungo hivyo vitatu ndivyo mwili, na ndivyo mgongo. Muundo huu ulienea duniani kwa trekta la Fordson la mwaka 1917, kisha ukafuatwa na Harry Ferguson katika trekta lake la TE20, lililoundwa mjini Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, zaidi ya matrekta 500,000. Ulikuwa muundo wa busara. Ulipunguza chuma, ulipunguza bei, na kwa kazi ya kuvuta jembe ulitosha kabisa.

Lakini viungo hivyo ni vya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma cha namna hii hustahimili kubanwa mara tatu au nne kuliko kinavyostahimili kuvutwa. Ukikibana, kinavumilia. Ukikipinda, upande mmoja unavutwa, na hapo ndipo ufa huanzia. Hakipindi na kubaki kimepinda kama nondo, hupasuka.

Sasa tuitazame hesabu, ambayo mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kuiandika ubaoni. Tuseme umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 1.8, kadiri ya trekta dogo la aina hii. Kijiko kina mchanga wa kilo 400, na uzito huo uko mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Trekta limekuwa wenzo, na ekseli ya mbele ndiyo egemeo. Kilo 400 mara mita 1.5 ni 600. Ukigawanya kwa 1.8 unapata takriban kilo 333. Huo ndio uzito unaoondolewa kwenye magurudumu ya nyuma. Nao haupotei, bali huhamia mbele. Hivyo ekseli ya mbele haikuongezewa kilo 400 alizozihesabu dereva. Imeongezewa 733, kabla ya kuhesabu uzito wa kijiko chenyewe na mikono yake. Na trekta lote, likiwa halina kitu, lina uzito wa tani moja na nusu hivi.

Ekseli hiyo ya mbele iliundwa ili iongoze njia. Magurudumu yake ni madogo, beringi na bushi zake ni nyembamba, na matrekta mengi ya wakati ule hayakuwa na usukani wa kusaidiwa na mafuta. Ndiyo maana dereva wa trekta lenye kijiko hulalamikia mikono, na fundi hubadilisha bushi kila kukicha. Fauka ya hayo, breki za matrekta haya ziko kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiyapunguzia uzito magurudumu hayo umeipunguza na breki. Kwenye uwanda wa Diani huenda usilihisi hilo upesi. Kwenye miteremko ya Shimba Hills utalihisi.

Dawa ya tatizo hilo ni uzani wa nyuma. Tukining'iniza kilo 400 za zege mita 0.9 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele hupunguziwa kilo 200, na ya nyuma huongezewa 600. Breki zinarudi, usukani unakuwa mwepesi. Hata hivyo msomaji asidhani kuwa shauri limekwisha. Uzani wa nyuma huziponya ekseli, hauuponyi mgongo. Mzigo mbele na mzigo nyuma bado vinaupinda mwili wa trekta baina ya ekseli mbili. Kazi ya kuukinga mwili huo ni ya fremu, na hapa ndipo mafundi wetu wanapotofautiana.

Wako wanaofunga vipande viwili vifupi vya chuma ubavuni mwa nyumba ya klachi, wakaisimamisha mikono ya kijiko juu yake. Ni kazi ya siku moja na chuma kidogo. Ubaya wake ni kwamba mzigo wote wa kijiko unaingia mwilini mahali pamoja, tena kwenye kiungo. Mbele ya kishikizo, ekseli inaisukuma injini juu, na chuma kinavutwa upande wa chini. Nyuma ya kishikizo, kinavutwa upande wa juu. Bolti zinalegea, mafuta yanaanza kuvuja kwenye maungio, na mwenye trekta hudhani kuwa ni gasketi imechoka. Siku moja nyumba ya klachi inapasuka, na trekta linakatika vipande viwili kama muwa.

Wako wanaoongeza nguzo kutoka kishikizo hicho hadi mbele, kwenye tegemeo la ekseli. Hii ni nafuu, kwa maana uzito wa mzigo sasa una njia ya kufika kwenye magurudumu ya mbele bila kuipinda injini. Walakini kuna nguvu nyingine wanayoisahau, nayo ni ya kusukuma. Trekta linapouingia mchanga, msukumo hautoki mbele. Unatoka kwenye magurudumu ya nyuma. Fremu isipofika nyuma, msukumo huo hupita ndani ya nyumba ya ekseli, giaboksi na klachi kabla ya kukifikia kijiko. Kijiko kikigonga jiwe lililofichika, kishindo hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Namna ya tatu ndiyo ninayoitetea. Fremu inashikwa mbele, inashikwa katikati, na inamalizikia kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma, na pande zake mbili zinaunganishwa kwa mhimili wa kukingama. Hapo msukumo unatoka nyuma hadi kijikoni kwa njia ya fremu, na mwili wa trekta unabaki na kazi yake ya asili.

Mhimili huo wa kukingama una maana ya pekee kwetu sisi wa pwani. Ardhi kutoka Tiwi hadi Msambweni, kandokando ya bahari, imelalia mwamba wa matumbawe. Mchanga ni laini juu, na chini yake jiwe limejitokeza hapa na pale. Pembe moja ya kijiko ikinasa, trekta zima linasokotwa kama nguo inayokamuliwa, na pande mbili zisizounganishwa haziwezi kusaidiana. Pamoja na hilo iko hewa ya chumvi, ambayo hula bolti na maungio ya kuchomelea kimyakimya. Kishikizo kilichokuwa imara mwaka wa kwanza hakina hakika ya kuwa imara mwaka wa tano.

Nimezungumza juu ya chuma, lakini kubwa kuliko chuma ni roho ya binadamu. Ekseli ya mbele ya trekta huning'inia kwenye pini moja ya katikati ili magurudumu yafuate mabonde ya shamba. Kwa sababu hiyo trekta halisimami juu ya miguu minne. Limesimama juu ya mafiga matatu: magurudumu mawili ya nyuma na pini hiyo ya mbele. Mzigo ulioinuliwa juu huusogeza uzito kuelekea kwenye figa la mbele, mahali ambapo upana ni mdogo, na gurudumu moja likitumbukia shimoni trekta hupinduka ubavu. Matrekta mengi ya zamani hayana chuma cha kumkinga dereva. Sweden ilikwisha kuagiza kinga hiyo kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya madereva vikapungua sana. Kwetu Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwajibisha mwajiri kuhakikisha kuwa mashine anayomkabidhi mfanyakazi ni salama. Kijiko kisicho na fremu si salama, hata kama kimepakwa rangi mpya.

Kulazimisha mashine kazi isiyo yake si jambo geni katika Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wa karanga Tanganyika mwaka 1947, ilinunua matrekta yaliyotumika vitani na hata kugeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta ya kung'olea miti. Ardhi ngumu ya Kongwa iliyavunja, vipuri vikakosekana, na mpango ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Tofauti ni kwamba Waingereza walikuwa na hazina ya kulipia hasara. Kikundi cha vijana wa Msambweni chenye trekta moja hakina.

Najua watakaonipinga. Watasema fremu ndefu ni ghali, na wana haki. Watasema pia kuwa inamsumbua fundi, kwa sababu kubadilisha klachi ya trekta hizi hulazimu kuligawa trekta katikati, na fremu inayopita pande zote mbili haina budi kufunguliwa kwanza. Hilo ni kweli, nalo ndilo huwafanya mafundi wengi wapende vipande vifupi. Jibu langu ni kwamba fremu ifungwe kwa bolti wala isichomelewe mwilini, ili siku ya matengenezo iondoke na kurudi. Kuchomelea chuma cha kusubu ni hatari nyingine pekee, maana joto huacha nyufa kando ya mahali palipochomelewa. Na atakayesema hana uwezo wa kununua fremu, na alinganishe bei yake na bei ya nyumba ya klachi, kazi ya kulifungua trekta zima, na msimu wa kulima utakaompita mvua zikinyesha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nawageukia walimu na wanafunzi. Vijana wengi wa Kwale wamekua wakiyaona makubwa: mgodi wa Base Titanium, uliosafirisha shehena yake ya kwanza mwaka 2014 na kusimama kuchimba Desemba 2024, ulileta mashine nzito ambazo hazikuwahi kuonekana vijijini kwao. Yamkini baadhi yao wakaamini kuwa kila chenye magurudumu makubwa kinaweza kubeba. Somo la wenzo lipo katika vitabu vyao, lakini hufundishwa kwa mbao na mawe ya mizani juu ya meza. Mwalimu awapeleke nje. Awapimishe umbali wa ekseli za trekta la jirani, awahesabishe mzigo wa kijiko, awaonyeshe kishikizo kimefungwa wapi. Vyuo vya ufundi vya kaunti navyo visiishie kumfundisha kijana kuunganisha chuma kwa chuma. Vimfundishe kuuliza nguvu itapita wapi baada ya kuunganishwa.

Kwa mwenye trekta nina ombi la leo, kabla hajajaza kijiko kingine. Achukue kitambaa, apanguse mafuta na vumbi kwenye maungio ya injini na giaboksi, kisha atazame kwa makini. Akiona bolti iliyolegea au mstari mwembamba kama unywele kwenye chuma, akishushe kijiko, akifungue, na asikirudishe hadi fremu imepatikana.