Perege Aliyefumba Mdomo

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie ya perege aliyefumba mdomo.

Bibi yenu alichimba bwawa nyuma ya jiko, hapahapa Morogoro, meta 5 kwa meta 4. Akatia vifaranga 50 vya perege, kila kimoja kama kidole changu cha mwisho. Asubuhi akiwarushia pumba za mahindi. Pembeni akaweka samadi, maji yakageuka kijani. Ukijani ule ni vimelea vya majani, vidogo mno, na perege huvila.

Hapana, nimekosea neno: si vimelea, ni vimea. Vimelea huleta ugonjwa, vimea huleta shibe.

Tukangoja miezi sita. Siku ya kuvua, watoto wa jirani walikuja na masufuria yao. Wavu ukapanda umejaa mamia ya samaki, na mkubwa wao hazidi kiganja!

"Bado wadogo hawa," nikasema. "Tuwarudishe wakue."

Bibi yenu akamshika mmoja aliyefumba mdomo, akamfumbua taratibu. Yakamwagika mayai ya manjano, kama punje za uwele.

"Mdogo gani huyu, baba watoto? Huyu ni mama."

Ndivyo walivyo perege hawa. Dume huchimba kishimo kama sahani chini ya bwawa, jike hutaga humo, kisha huyazoa mayai na kuyatunza mdomoni. Yakianguliwa, vitoto hutoka kuchungulia dunia, na kivuli kikipita hurudi mbio mdomoni mwa mama. Karibu wiki mbili mama hali, au anakula kidogo sana. Mimi hunyamaza kila nikilikumbuka jambo hilo.

Mtoni kuna ndege na samaki wakali, kwa hiyo malezi hayo ndiyo yanayookoa ukoo. Bwawani mwetu hapakuwa na adui. Jike akifika miezi mitatu hivi anaanza kuzaa, na baada ya majuma machache anazaa tena. Pumba ni zilezile, vinywa vimeongezeka mara kumi. Wote wakadumaa. Alfajiri ungewaona wamekuja juu wakitweta, kwa sababu usiku vimea na samaki wote hutumia hewa iliyomo majini, na jua halijatoka kuirudisha.

Bibi yenu akakausha bwawa, akaanza upya. Safari hii alichagua madume, maana hukua haraka kuliko majike. Alimgeuza kila samaki tumbo juu: jike ana vitundu vitatu karibu na mkia, dume ana viwili. Kazi ya macho makali hiyo, na jike mmoja akikuponyoka, umerudi palepale.

Kwa hiyo akaongeza kambare watano. Aliwachagua wadogo kuliko perege, wasije wakawameza wenyeji. Vitoto tu ndivyo wanavyoviweza. Akazungushia bwawa uzio wa matete, kwani kambare hupumua hata hewa ya juu, na usiku wa mvua anaweza kujiburuta akahama.

Kesho asubuhi tunavua. Atakayeamka mapema aje na sufuria. Na ukimwona perege amefumba mdomo, usimfumbue kwa nguvu. Mwite bibi.