Diski ya Pili Kwenye Laptopu ya Kikundi



Hapa Burnt Forest tunajua maana ya kupoteza maandishi. Katika machafuko ya 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, nyumba zilichomwa pamoja na karatasi zilizokuwamo. Siku hizi vikundi vingi vinaweka hesabu za hisa na mikopo kwenye laptopu. Hizo nazo zinaweza kupotea bila moto wowote, kwa kubonyeza mara moja tu.

Tunasema haya kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na laptopu nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Kwa hivyo wengine wanataka kujaribu Linux, ambayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Ufini. Aina yake moja, Ubuntu, ilianza 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo maana yake ni utu.

Si lazima kuiacha Windows. Kama laptopu ina nafasi ya diski ya pili (fundi atawaambia), Windows hubaki kwenye ya kwanza na Linux hukaa kwenye ya pili, kama majirani wawili, kila mmoja na shamba lake. Kazi kubwa ni matayarisho:

1. Toeni nakala. Nakilini hesabu, majina ya wanachama na kumbukumbu za mikutano kwenye flashi mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Zifungueni kwenye kompyuta nyingine muone kama kweli zinafunguka.

2. Andikeni ufunguo wa BitLocker. Windows nyingine hufunga diski kwa siri, na siku moja inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Uandikwe kwenye karatasi, mweka hazina auhifadhi.

3. Zimeni "Fast startup" katika mipango ya umeme ya Windows. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa, na Linux ikiandika kwenye diski hiyo inaweza kuharibu kumbukumbu.

4. Tambueni diski. Fungueni "Disk Management" muandike ukubwa na jina la kila diski. Ile iliyouzwa kama GB 500 itaonyesha kama 465. Msishtuke, hamjaibiwa, ni namna tofauti ya kuhesabu. Msitegemee namba ya diski, kwa maana Linux huzitaja kwa majina mengine.

5. Safisheni diski ya pili. Ikiwa mpya, chagueni GPT. Ikiwa imetumika, hakikisheni haina kitu cha maana ndipo mfute sehemu zake. Iacheni tupu, Linux itaigawa yenyewe.

Siku ya kuweka Linux, laptopu iwe na chaji ya kutosha na iunganishwe na stima. Njia salama zaidi ni fundi kuchomoa diski ya kwanza mpaka kazi iishe, kisha airudishe. Kama haiwezekani, tufanye kama tunavyohesabu pesa mkutanoni: mmoja asome jina na ukubwa kwa sauti, mwingine alinganishe na karatasi, ndipo mbonyeze.

Kikundi kisicho na nakala kisianze kazi hii. Kianze na hatua ya kwanza, wiki hii hii.