Chuma Kilichokunjwa na Kunyooshwa Si Kile Ulichonunua

Katika miji na vituo vingi vya biashara kuna nyumba zenye vyuma vilivyochomoza juu ya slabu, vikingoja siku pesa za ghorofa ya pili zitakapopatikana. Vingine vimelazwa kando ili watu wapate pa kuanika nguo. Siku hiyo ikifika, fundi huvinyoosha kwa bomba, na vikikataa huwasha makaa. Mkazi, kabla hujamruhusu, fahamu kinachotokea ndani ya chuma hicho.

Chukua kipande cha waya wa kufungia vyuma, ukikunje na kukikunjua mahali pamoja. Mara ya kwanza hukunjika kwa urahisi. Baada ya mara kadhaa utahisi kinakaza. Ukiendelea, kitakatika. Hukuongeza wala kupunguza kitu. Kilichobadilika ni mpangilio wa ndani.

Chuma kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi, zilizopangwa kwa safu kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Mpangilio huo huitwa fuwele. Lakini shamba hili lina kasoro: hapa na pale mstari mmoja hukatika katikati, na mistari ya pande zote mbili hujibana kuziba nafasi. Kasoro hiyo ndiyo inayokiwezesha chuma kukunjika. Safu nzima haihami kwa mara moja. Kasoro husogea hatua kwa hatua, kama kiwavi anavyosogeza nundu yake mgongoni. Kwa hesabu za awali, metali safi zilipaswa kuwa imara zaidi ya mara elfu kuliko zilivyo. Fumbo hilo lilipata jibu mwaka wa 1934, pale Geoffrey Taylor wa Uingereza, na Egon Orowan na Michael Polanyi, wote wazaliwa wa Hungaria, walipochapisha maelezo ya kasoro hizi.

Kila unapokunja, kasoro huzaana. Katika metali laini, mistari yote ya kasoro iliyomo ndani ya sentimita moja ya ujazo, ikiunganishwa, inaweza kufika kilomita 10 hivi. Metali ikifuliwa sana, huzidi kilomita milioni moja. Zikiwa nyingi hivyo huzuiana, kama matatu kwenye makutano yasiyo na askari. Chuma huwa kigumu zaidi, ila kimetumia sehemu ya uwezo wake wa kukunjika, na uwezo huo ndio unaohitajika nyumba ikitikisika au kulemewa: chuma kizuri hujipinda kwanza, watu wakaona dalili na kutoka.

Kwa vyuma vinavyongoja kuna jambo la ziada. Atomi za kaboni na nitrojeni zilizomo ndani yake husogea polepole, hata bila moto, zikakusanyika penye kasoro na kuzishikilia. Kwa hiyo chuma kilichokunjwa na kuachwa juani miaka mitano ni kikavu kuliko kilichokunjwa jana. Kukinyoosha kunaweza kutia ufa penye kona, nao huwa mdogo, tena umefichwa na kutu.

Je, moto? Ni kweli joto hupunguza kasoro na kulainisha chuma. Tatizo ni kwamba hulainisha kupita kiasi. Vyuma vingi vya siku hizi hupozwa ghafla kwa maji kiwandani, ngozi ya nje ikawa ngumu na kiini kikabaki laini. Vikichomwa hadi viwe vyekundu, nguvu ya ngozi hiyo hupotea, na kwa macho huwezi kutambua.

Basi vyuma vya kungojea viachwe wima, vipakwe simiti nyepesi au vifunikwe visishike kutu. Chuma kikunjwe mara moja tu, kikiwa baridi, kwa mviringo na si kwa kona kali. Vilivyokwisha kunyooshwa visitumike katika nguzo wala boriti. Na kama vyako vililazwa zamani, mwite mhandisi avikague kabla ya fundi kuvigusa. Mara nyingi inawezekana kukata sehemu iliyokunjwa na kuunga chuma kipya, mradi kipishane na cha zamani kwa urefu atakaoutaja yeye.