MTAWALA ANAPOKAA MUDA MREFU: MIZANI YA FIQHI NA RELI YA BONDE LA KILOMBERO



Zinapofika habari za Urusi, ambako Vladimir Putin ameshika hatamu tangu mwaka 2000, mara Rais mara Waziri Mkuu, na katiba ikabadilishwa mwaka 2020 ili aweze kugombea tena, waumini huuliza: je, sharia inaruhusu mtu atawale muda wote huo? Wako wanaomsifu kwa jinsi anavyokabiliana na mataifa makubwa, wasiulize anavyowatendea raia wake. Sisi wa bonde la Kilombero, toka Ifakara na Idete mpaka Mlimba, tunao mfano wa nyumbani: utawala wa Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais tangu 1962 hadi 1985.

Kwanza hukumu. Mafakihi wa zamani, akiwemo Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), hawakumwekea kiongozi mkuu idadi ya miaka; walishurutisha uadilifu, elimu na uwezo wa kuilinda amana. Lakini kwa magavana, Sayyidna Umar (r.a.) aliusia kuwa asibakishwe yeyote zaidi ya mwaka mmoja, isipokuwa Abu Musa al-Ash'ari, naye miaka minne. Basi anayedai kuwa ukomo wa uongozi ni mambo ya Wazungu tu, na aisome tena historia yetu.

Sasa tutazame matendo. Mwaka 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, na Zambia ikabanwa njia yake ya baharini. Mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya jambo hilo, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilipokataa kugharimia reli, China ilikubali kwa mkopo usio na riba (sifa ambayo msomaji wa fiqhi hataipita kimya). Mkataba ulitiwa saini 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Ifakara na Mlimba. Je, kushirikiana na wasioamini katika jambo kama hilo kunafaa? Mtume (s.a.w.), kabla ya Utume, alihudhuria mapatano ya Hilf al-Fudul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, ya kumtetea aliyedhulumiwa, na baada ya Uislamu hakuacha kuyasifu.

Lakini mkono uliowatetea wanyonge wa nje ulikuwa mzito ndani. Sheria ya 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kila upande wa Muungano. Mwaka 1968 jumuiya ya EAMWS, iliyojenga shule na misikiti tangu 1945, ilipigwa marufuku, ikaundwa BAKWATA. Jeraha hilo Waislamu wa nchi hii bado wanalizungumza.

Na hapa bondeni siasa ya nje na ya ndani zilikutana. Mwaka 1973 ilitangazwa kuwa kuhamia vijijini ni lazima. Wakulima waliotawanyika mashambani walikusanywa katika vijiji, vingine kandokando ya reli, na wanakijiji wakatakiwa kuilinda. Walipata treni ya kupeleka mpunga sokoni, na walipoteza nyumba, minazi na miembe waliyoipanda.

Maslaha ya umma yanaweza kumhamisha mtu, ila kwa fidia. Sayyidna Umar alipoupanua Msikiti Mtukufu wa Makkah mwaka 17 Hijria, baadhi ya majirani walikataa kuuza. Alizibomoa nyumba zao, lakini thamani yake akaiweka katika hazina mpaka wakaja kuichukua. Kwa hiyo reli haifuti haki ya aliyebomolewa, wala kubomolewa kwake hakuifanyi reli kuwa batili. Kila tendo lina hukumu yake.

Mwalimu aliondoka kwa hiari 1985, baada ya katiba kurekebishwa 1984 na kuweka ukomo wa vipindi viwili kwa waliomfuata. Alifariki 1999. Je, haki ya waliohamishwa imekufa naye? Haki ya mja haifutwi ila kwa kulipwa au kusamehewa na mwenyewe. Na kwa kuwa amri ilitoka katika ofisi ya umma, tunaona lililo karibu zaidi na kauli ya Hanafi na Hanbali, wanaolibebesha hazina kosa la mtawala katika kazi yake, ni kuwa anayedaiwa ni dola, na warithi wa waliohamishwa wanaweza kudai.