Pawasoo ya Kitambo, Spea ya Mbali: Pima Kwanza, Ndio Ulipe

Kwa mpasuaji mbao wa Gede, Kakoneni au Ganze, pawasoo ikikataa kuwaka saa moja asubuhi, hiyo siku ishaharibika. Mnazi uko chini, msaidizi keshafika, mwenye shamba anasubiri mbao zake, na mashine inakohoa tu. Fundi anafungua, anachungulia, anasema neno moja: pistoni. Duka la karibu halina. La Malindi mjini lina ya mashine nyingine. Kutoka hapo kazi inahamia kwenye simu: kutafuta spea Mombasa au Nairobi, na kumtumia pesa mtu ambaye hujawahi kumwona uso.

Hapo ndipo wateja wetu wengi wanapoumia, na mara nyingi si kwa sababu ya utapeli. Anayeuza ni muuzaji wa kweli, pesa inafika salama, mzigo unapanda matatu, unafunguliwa steji, na spea haiingii. Kwa hivyo leo tutaongea kuhusu chuma kabla ya kuongea kuhusu pesa.

Pawasoo nyingi zinazopasua mbao huku kwetu si za jana. Ile ambayo wazee wa kazi wanaiheshimu zaidi Afrika Mashariki ni Stihl 070, mashine ya Kijerumani ya ukoo wa Stihl Contra iliyotoka mwaka 1959. Ina silinda ya sentimita za ujazo 106, haina springi za kupunguza mtetemo, na zile za zamani hazina breki ya cheni. Ni nzito, ina kelele, na inakunywa mafuta. Lakini inapasua gogo la mwembe au mkorosho kutoka mwanzo hadi mwisho bila kulalamika, na fundi anaweza kuifungua yote kwa spana chache na bisibisi akiwa amekaa chini ya mti. Ndiyo maana watu hawaitupi. Mashine mpya ya nguvu kama hiyo ni bei ya ng'ombe kadhaa, na hii ya zamani inahitaji kipande kimoja tu. Ni kipande kipi hasa, hilo ndilo swali.

Tuanze na namba. Spea za Stihl huwa na namba ya tarakimu 11, zilizogawanywa nne, tatu, nne. Nne za mwanzo mara nyingi zinaonyesha familia ya mashine. Kwa 070 ni 1106. Wengi wanaishia hapo: wanamwambia muuzaji "nataka pistoni ya 1106", muuzaji anasema ipo, pesa inatumwa. Shida ni kwamba 1106 ni familia ya ndugu wawili. Kuna 070, yenye pistoni ya upana wa milimita 58, na kuna kaka yake mkubwa, 090, yenye pistoni ya milimita 66. Namba za mwanzo ni zile zile, sura ni moja kwenye picha ya simu, na hakuna tupa itakayopunguza milimita nane. Soma tarakimu zote 11 kama unazo. Kama huna, pima pistoni ya zamani kwa venia na umtajie muuzaji upana wake. Neno "070" peke yake pia halitoshi, maana mashine za kitambo zimebadilishwa vipande mara nyingi. Unaweza kukuta kibandiko cha 070 juu ya mwili wenye silinda ambayo haikuzaliwa nayo.

Kabureta nayo ina jina lake. 070 nyingi zina kabureta ya Tillotson ya aina ya HL, na herufi hizo zimegongwa kwenye chuma chenyewe. Safisha mafuta kwa petroli kidogo na mswaki wa zamani, zitaonekana. Zile ngozi nyembamba za ndani, ambazo zikikauka mashine inawaka na kuzima, huuzwa kwa seti kulingana na herufi hizo. Piga picha ya herufi, usipige picha ya kabureta nzima kwa mbali.

Cheni ndiyo inanunuliwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inakosewa mara nyingi zaidi. Mnazi ni mti wa ajabu: katikati laini, pembeni mgumu kama jiwe, na unamaliza makali ya cheni kuliko miti mingi. Mchanga wetu unamalizia kilichobaki. Ukinunua cheni kwa simu, muuzaji anahitaji mambo matatu. La kwanza ni pichi. Pima kutoka ripiti ya kwanza hadi ya tatu, halafu gawanya kwa mbili. Cheni ya inchi 0.404, ambayo ni ya kawaida kwa mashine kubwa kama 070, itakupa takriban milimita 20.5 kwa ripiti tatu, na ile ya 3/8 itakupa kama milimita 19. Tofauti ni milimita moja na nusu tu, jicho halioni, lakini gia ya cheni inaiona mara moja na inaanza kuliwa. La pili ni unene wa yale meno ya chini yanayoingia kwenye mfereji wa baa. Kwa mashine hizi mara nyingi ni milimita 1.6. La tatu ni idadi ya hayo meno ya chini, na hapa hakuna njia ya mkato. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, hesabu mpaka urudi pale pale.

Kuhusu cheni za bei ya chini sana zisizo na jina wala namba, tuseme wazi: kwa mashine isiyo na breki ya cheni, sisi hatungeziweka. Cheni ikikatika huku injini inanguruma, kinachoirusha ni nguvu ile ile inayopasua gogo, na aliye karibu ni mkono na paja la mpasuaji. Spea za kuiga za sehemu nyingine ziko nyingi sokoni na baadhi zinafanya kazi vizuri tu. Kamba ya stata ya kuiga ikikatika utatukana tu, halafu utafunga nyingine.

Sasa turudi kwa ile pistoni, manake kuna jambo ambalo mafundi wazuri wanalijua na wenye mashine hawapendi kulisikia. Pistoni haifi bure. Toa egzosi, washa tochi ya simu, chungulia kwenye tundu. Ukiona pistoni imechanwa mistari upande ule, mara nyingi imekosa mafuta ya kulainisha au imepata hewa ya ziada. Labda mchanganyiko ulikuwa mwembamba. Mashine za zamani nyingi zilielekezwa sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli, yaani mililita 40 za oili kwa kila lita. Anayeweka kijiko kwa kukisia anacheza kamari. Au labda sili za krenki zimekauka na zinavuta hewa. Ukiweka pistoni mpya na kuacha sili mbovu, utarudi kwa muuzaji yule yule kabla ya mwezi kuisha. Kwa hivyo agiza pistoni, ringi, gasketi na sili pamoja. Mzigo mmoja, nauli moja, malipo mamoja.

Kabla hujaagiza chochote, angalia mwili wa mashine. Umetengenezwa kwa chuma chepesi chenye magnesiamu, na hewa ya chumvi ya Watamu na Mayungu haina urafiki nacho. Ukiona unga mweupe na mashimo pale boliti zinaposhika, au ufa karibu na beringi, hiyo mashine imeshasema kwaheri. Spea mpya ndani ya mwili uliooza ni pesa iliyotupwa baharini.

Haya, umepima, una namba. Muuzaji yuko Mombasa, kilomita kama 120 kutoka Malindi, au yuko Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ambako spea za kila aina huuzwa. Mwambie akupigie picha ya spea ikiwa kwenye venia au rula, na kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Picha nzuri yenye mwanga wa studio inaweza kuwa ya mtu yeyote duniani. Picha ya pistoni juu ya kaunta, na kipande cha karatasi kilichoandikwa "Gede" kwa kalamu, ni ya mtu mwenye pistoni mkononi.

Ukifika kwenye kulipa, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Kama muuzaji anajiita duka fulani na namba ya till inaleta jina la duka hilo, sawa. Kama amekupa namba ya simu ya kawaida na jina ni la mtu mwingine kabisa, simama na uulize. Huenda ni mfanyakazi wake, hilo hutokea. Lakini hapo usitume zaidi ya arbuni.

Na arbuni yenyewe ina adabu yake. Muuzaji pia anaogopa. Ametuma mizigo kwa watu waliokataa kuipokea, na spea ya mashine ya zamani si kitu atakachouza kesho. Si haki kumwambia atume bure. Tunachopendekeza ni hivi: lipa arbuni inayotosha nauli ya mzigo na sehemu ya bei. Akishaupandisha, akutumie picha ya risiti ya mzigo ya basi au matatu, ikiwa na namba. Mzigo ukifika steji, ufungue hapo hapo, venia mkononi. Ukiingia vipimo, maliza salio ukiwa umesimama pale, umtumie ujumbe. Mkubaliane hayo kwa maandishi kabla ya senti ya kwanza kutoka, hata kama ni mistari mitatu ya WhatsApp. Anayekataa picha, anakataa arbuni, na anasisitiza "tuma yote sasa, kuna mteja mwingine hapa" amekujibu tayari.

Watu hutuuliza: spea isipoingia, si mnaweza kuirudisha pesa? Hapa tuwe wakweli. Kurudisha muamala kumewekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi, na hata hapo ukichelewa na pesa ikatolewa, inakuwa vigumu. Ukimlipa muuzaji uliyemkusudia na akakuletea milimita 66 badala ya 58, hayo ni mapatano ya biashara kati yenu wawili. Hatuwezi kuingia mfukoni mwake kwa neno la upande mmoja. Tunachoweza kukupa ni kumbukumbu: namba ya muamala, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Ukiwa na hiyo pamoja na ujumbe wenye vipimo mlivyokubaliana, una kitu cha kumwonyesha muuzaji, na kama ni wizi, una kitu cha kupeleka polisi. Kwa hivyo usifute ujumbe wa uthibitisho ati simu imejaa.

Wewe fundi nawe, usichanganye pesa ya spea na pesa ya ufundi. Mteja akikutumia zote kwa mkupuo, pistoni ikapanda bei, mtaanza kutazamana vibaya. Mwombe atume mara mbili: ya kwanza ya spea, nawe umpe picha ya risiti, ya pili ya kazi, mashine ikishanguruma mbele yake. Akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ameshalipa, mpe chai, kisha angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa kubuni ni rahisi kutengeneza. Salio ni lako, liko kwako. Na mtu akipiga simu akijifanya anatoka kwetu, akitaka PIN ili "aachilie" malipo ya mteja wako, kata. PIN haihitajiki kamwe kupokea pesa.

Limebaki soko moja ambalo halina duka: mashine zilizokufa. Mafundi wengi wa pwani wanapata spea kwa kununua pawasoo mbovu na kuichinja; klachi inaenda kwa huyu, kabureta kwa yule. Ni njia nzuri, na kwa vipande vingine ndiyo njia pekee. Lakini pawasoo ni mali inayoibwa, na ni mali inayoulizwa maswali. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko pale pale jirani na Gede, na askari wa misitu akimkuta mtu na mashine asiyoweza kueleza ilikotoka, mazungumzo yanakuwa marefu. Kibali cha kukata mti na cha kusafirisha mbao ni shughuli ya mwenye kazi na KFS. Karatasi ya mashine yenyewe ni shughuli yako wewe mnunuzi.

Kwa hivyo hata kama ni gofu la mashine lililolala bandani miaka 10, usilipe noti mkononi. Piga picha ya namba iliyogongwa kwenye chuma, mtumie muuzaji kwa ujumbe, naye ajibu kwamba hiyo ndiyo anayokuuzia na kwa bei gani. Ndipo ulipe kwa simu, kwa namba yenye jina lake mwenyewe, kisha uandike namba ya muamala kwa rangi ndani ya kifuniko cha stata. Pale mvua haifiki.