Kumuuguza mtu mzima nyumbani: pumzi kwanza, maji pili, chakula baadaye

Mama, dalili za hatari za mtoto wengi wetu tunazijua, kwa sababu tunafundishwa kliniki. Anapougua mume, baba au mama mkwe, hakuna aliyetufundisha. Tunaanza na kile tunachokijua: tunapika uji.

Mwaka jana niliingia nyumba moja katika matembezi yangu ya kazi. Bibi wa zaidi ya miaka 70 alikuwa na siku nne anakohoa. Mkwewe akaniambia, "Sista, shida yake ni kula tu, uji anaukataa." Alikuwa amemlaza chali, anamnywesha kwa kijiko. Nilihesabu pumzi za bibi: 36 kwa dakika. Mtu anayehema hivyo hapati nafasi ya kumeza. Tulimkalisha, tukaita bajaji, akalazwa kwa nimonia. Alipona na kurudi nyumbani. Mkwewe hakuwa mzembe, ila alianza na jambo la tatu kabla ya la kwanza.

Ndiyo maana nakuomba ushike mpangilio huu, mgonjwa awe na shida ya kifua, ya tumbo, au vyote viwili.

1. Pumzi

Hesabu pumzi. Mgonjwa akiwa ametulia, tazama kifua au tumbo linavyopanda. Tumia saa ya simu yako na uhesabu dakika moja kamili. Usimwambie unachofanya, kwani akijua atabadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika.

- Zikizidi 20, mwache apumzike kisha hesabu tena. Zikibaki juu, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Zikifika 30 au zaidi, mpeleke hospitali sasa hivi.

Mkalishe. Anayebanwa na kifua asilale chali. Mwegemeze kwenye mito, au akae ameinama mbele kidogo, mikono ikiwa juu ya meza au mto. Mapafu hupata nafasi ya kujaa hewa.

Ondoa moshi. Jiko la mkaa lisiwe chumbani kwa mgonjwa, hata kama kuna baridi. Mbali na kuwasha kifua, mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua. Fungua madirisha. Anayevuta sigara avutie nje.

Mwenye pumu atumie pampu yake ya kufungua kifua mapema, kama alivyoelekezwa. Asisubiri azidiwe. Pampu ikishindwa kumpa nafuu, au nafuu ikiisha upesi, hilo ni jambo la hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Kumbuka mambo mawili. Mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa kali. Wakati mwingine dalili ya kwanza ni kuchanganyikiwa, kulala sana au kuanguka bila sababu. Pia, kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Hapa Tanzania kipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

2. Maji

Kwa anayeharisha au kutapika, kinachoua haraka ni kupungukiwa maji na chumvi mwilini. Kwa kipindupindu, mtu mwenye nguvu zake asubuhi anaweza kuwa taabani jioni.

Changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi na salama. Usigawe pakiti wala usiongeze sukari. Kama huna pakiti, tumia lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Pima vizuri, maana chumvi ikizidi inadhuru. Mchanganyiko uliokaa saa 24 umwage, utengeneze mwingine.

Mpe kikombe kimoja kila baada ya kuharisha. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena kwa kijiko kimoja kimoja. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo, ulizia kituoni mapema ni kiasi gani kinamfaa.

Angalia mkojo. Ukiwa mwingi na mweupe, maji yanatosha. Ukiwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi, ongeza bidii. Akikaa saa 6 hadi 8 bila kukojoa, mpeleke kituoni.

Usimpe dawa ya kufunga kuhara kama kuna damu au homa. Usimpe pia antibayotiki zilizobaki za mtu mwingine. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomhudumia, ili wewe na watoto msifuate.

3. Chakula

Pumzi ikitulia na maji yakikaa, sasa pika. Mpe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: uji, ndizi, viazi, supu, wali laini. Akae wima anapokula, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Akilishwa amelala au anahema, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Anayesinzia asilishwe kabisa.

Ukiona mtu wako ana vidonda vya tumbo, chunguza dawa anazomeza. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo wengi hununua duka la dawa kwa ajili ya mgongo au magoti, zinaweza kuchimba vidonda na kuvitoa damu. Mwambie mhudumu kila dawa anayotumia, pamoja na za mitishamba. Kama aspirini aliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, asiiache mwenyewe bila kumuuliza.

Usisubiri kukuche ukiona:

- Anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika, au hawezi kumaliza sentensi bila kuhema
- Midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu
- Amechanganyikiwa au haamki vizuri
- Anakohoa au kutapika damu, au matapishi kama unga wa kahawa
- Choo cheusi kama lami chenye harufu kali, au chenye damu
- Choo cha majimaji kama maji ya mchele, kinachotoka mfululizo
- Tumbo gumu lenye maumivu makali
- Kila anachokunywa anakitapika

Njiani mweke wima kama anahema. Kama anatapika na amelegea, mlaze kwa ubavu. Anayeharisha na kuweza kumeza aendelee kunywa ORS. Beba dawa zake zote.

Leo jioni, kabla hakuna anayeumwa, mhesabie pumzi mtu mmoja nyumbani kwako akiwa amekaa. Ukishajua pumzi za mzima zilivyo, siku ya ugonjwa macho yako yataona tofauti mapema.